Mahekalu Aliyoyaona Gwakisa

Makandana, Jumapili, Juni 1995

Hata chai hakunywa. Mama mkwe amekuja kutoka Kinyala kuuliza mwanawe Gwakisa, mume wangu, alifariki vipi huko India tulikokwenda kwa matibabu. Simulizi yangu ilipofika kwenye mapango ya kale na mahekalu ya Wahindu tuliyoyatembelea nje ya Madras, akanikatiza.

"Ulimpeleka mgonjwa kwenye miungu ya watu? Ndiyo iliyomuua!"

Nilikasirika. Nikamwambia daktari alikuwa ameshasema moyo wa Gwakisa hautibiki. Mwenyewe aliomba twende, hakutaka kufa akiwa ameona wodi tu. Pangoni alipapasa tembo aliyechongwa kwenye mwamba, akasema ana tumbo kama la mjomba wake, akacheka.

"Alicheka?"

"Sana, mama."

Akalia, nikamshika. Mimi machozi bado hayaji, na hilo linanitia hofu.