Spika za Peugeot ya Baba

Makau,

Chai iko kwa thamosi. Nimeenda Mraru kwa shangazi yako. Fungia kuku.

Milango ya Peugeot ya baba yako isikatwe, umesikia fundi? Spika mpya zikae hapo chini ya viti ulikozificha, na ile kuukuu ya dashibodi ibaki, hata kama ni bubu.

Asubuhi niliweka kaseti aliyorekodi kwaya ikifanya mazoezi hapa kwetu. Miaka yote ilikuwa mikwaruzo tu. Leo nyuma ya nyimbo nimemsikia marehemu akikohoa, kisha, "Mama Makau, njoo usikie!" Nikatoka garini mbio kumtafuta.

~~Ng'oa hizo spika.~~ Hapana, ziache. Nikirudi nitasikiliza mpaka mwisho, nijue kama siku ile niliitika.

Mama