Waliokutaja Mara Mia Sita

Kaka,

Majigambo yako yamefika. Utafiti wako wa dawa ya presha umetajwa na wenzako mara mia sita, hongera. Mama kaibandika barua yako sebuleni, na mgeni hakai kabla hajaisoma.

Mimi ni muuguzi, si mjinga. Nimewasoma hao wanaokutaja: karibu wote wanaonya kwamba dozi uliyoipendekeza inaharibu figo. Unajua, na umeuchuna.

Mama bado anaimeza dozi hiyohiyo. Miguu imemvimba, viatu havimwingii. Nikimkataza, anafoka: "Kaka yako katajwa mara mia sita. Wewe umetajwa wapi?"

Mpigie leo, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Mimi hanisikilizi. Sijatajwa popote.

Mdogo wako uliyemwachia mama