Jani la Sinendet Kwenye Kadi za Mtihani

Sigowet, Alhamisi, Oktoba 1995. Mvua ya mawe tangu saa nane. Majani ya chai yametobolewa kama chujio, na mimi nina hasira kushinda hiyo mvua.

Daftari, leo nimekataliwa.

Mimi! Mimi niliyekaa Nakuru miaka sita, nikafika Mombasa, nikaiangalia bahari nikaiambia, "Sawa, nimekuona." Kutoka hapa mpaka Bomet hakuna mkono unaotengeneza kadi kama huu wangu. Sijisifu. Nasema tu kwa sababu wengine wanachelewa kusema.

Nakata karatasi ngumu ya manila, nachanja mistari kwa wembe, halafu napitisha utepe juu, chini, juu, chini, kama mtu anasuka kikapu, mpaka unatokea mraba wenye rangi za sweta ya shule ya mtoto. Wa kijani na nyeupe anapata kijani na nyeupe. Zile success card, kadi za kutakia heri, za duka kule Kericho mjini zina picha ya bata wawili wakipendana. Bata na mtihani wa hesabu walijuana wapi?

Chini ya utepe napiga muhuri. Nimeuchonga mwenyewe kwenye soli ya patipati kuukuu: jani la sinendet, ule mmea wetu wa kutambaa tunaomvika mtu shingoni akishinda mbio. Wino wa kijani. Nilijiona fundi wa mafundi.

Akina mama wa kanisa ndio walioniomba kadi thelathini, za watoto wetu wote wa Form Four, wapewe Jumapili kwenye maombi kabla mtihani kuanza. Mmoja wa watoto hao ni Chelagat, binti yangu.

Leo Mama Kiprono, mwenyekiti wao, alikuja kuzichukua. Akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akazirudisha mezani kama mtu ameshika sufuria ya moto.

"Mama Chelagat, hii si ni sinendet?"

"Ndiyo yenyewe. Umeona hiyo mishipa? Hata ng'ombe anaweza kuila."

"Sinendet anavikwa mtu amerudi na ushindi. Wewe unavika watoto hata hawajatoka nyumbani. Unataka waanguke?"

"Wakianguka wataangushwa na kemia, si patipati yangu."

Hakucheka. "Kiprono wangu hatashika hiyo kitu. Tutanunua za duka." Akafungua mwavuli, akaenda zake.

Sasa nikuambie ukweli, daftari, kwa maana wewe huendi kanisani kusimulia.

Mama Kiprono hajakosea. Mila iko hivyo, na mimi niliijua. Nyanya yangu angenichapa na mwiko. Nilipenda tu umbo la lile jani, nikasahau lina wakati wake. Kutembea sana kuna mambo kunakufutia kichwani, na hakukuambii.

Na kuna mbaya zaidi. Alipoondoka tu, nilitoa kadi ya Chelagat, nikachukua wembe, nikaanza kukwangua jani.

Nilikwangua nusu.

Hapo nikajishika mkono. Wewe mwanamke, hizi ishirini na tisa za watoto wa watu unaziacha na mkosi, ya wako unaisafisha? Huko Nakuru nimeona watu wabaya wa kila namna, lakini wa namna hiyo sikumwona. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikakaa, nikafikiria wale wanaovikwa. Watu huwa nawaambia niliacha shule kwa sababu nilimmalizia mwalimu maswali. Uongo. Nilifeli mtihani wa darasa la saba. Siku ya matokeo, waliopita walipokewa barabarani kwa nyimbo, sinendet mpaka kiunoni. Mimi nilipita katikati ya mistari ya chai, nimeinama, nisionekane. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeniuliza. Mpaka leo sijui kama mama aliniona nikiingia.

Sasa mwangalie Chelagat. Amechuma chai kabla ya shule tangu darasa la nne, akishika kalamu na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kiprono naye, siku za mvua anavuka mto asubuhi viatu vikiwa mkononi. Wenzao wangapi waliishia njiani? Mimi nawajua, mimi ni mmoja wao. Mila inasema mvike aliyeshinda. Nimewavika walioshinda. Kama kuna ubishi kati yangu na Mama Kiprono, ni kuhusu mbio zenyewe ni zipi.

Nikapaka muhuri wino, nikaupiga palepale nilipokwangua, nikauegemea na uzito wangu wote, ambao si haba. Jani limetoka nene, limevimba kidogo pale karatasi ilipochubuka. Silirekebishi.

Jumapili kanisa ligawe bata. Sawa. Mimi nitasimama nje ya geti na kikapu changu, nimevaa ile gauni ya Mombasa, na kila mtoto nitamwambia mila inasemaje, Mama Kiprono anasemaje, na mimi nasemaje. Anayeogopa apite, nitamkumbatia bila kadi. Ya Kiprono nimeiongezea utepe wa tatu, wa manjano, na mama yake akinuna na anune.

Najua matokeo yakija kuna mtoto atakosa. Watasema ni jani la Mama Chelagat. Waseme. Nina mabega ya kubeba.

Ila kuna mmoja ambaye sijamuuliza. Chelagat yuko jikoni, kitabu kwenye magoti, maji ya ugali motoni. Amesikia kila kitu, nyumba yetu haina ukuta wa siri, na bado anafunua kurasa tu. Naenda kumwekea kadi yake mkononi sasa hivi, kabla sijapata uoga.

Akinirudishia yeye, nitasema nini?