Barakoa ya Kiberiti

3 Februari

Dada yangu,

Habari za siku nyingi? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi mzima, maabara tu ndiyo inanila.

Kifurushi hicho ni unga wangu. Tunachanganya shaba na tindikali fulani chomboni, na chembe zinashikana zenyewe, zinajijenga vyumba vidogo ambavyo jicho halivioni. Gesi ikipita, inanaswa humo. Nikamkumbuka kitinda mimba wetu, Kiberiti, na gesi ya amonia ya kile kiwanda cha barafu anachofanyia kazi. Wewe ndiye fundi cherehani: mshonee barakoa, unga ukae katikati ya vitambaa viwili. Gesi ikivuja aivae, akimbilie nje.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Miguu ya Mama bado inavimba, ila mdomo mzima kabisa, anatugombeza kutwa. Kiberiti anaivaa barakoa mpaka mezani, eti siku hizi yeye daktari wa upasuaji. Juzi gesi ilivuja, wenzake wakatoka machozi yanawatiririka, yeye anawacheka. Mama anakuombea kila akiamka.

Dada yako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Bomba limepasuka kiwandani. Kiberiti alishatoka, akarudi ndani kumfuata mwenzake, akisema yeye ana barakoa ya dada yake. Hakutoka hata mmoja. Tumemzika jana.

Mama anauliza mbona mara ya kwanza ilimfaa. Siku moja kabla ya ajali, Mama mwenyewe aliifua kwa sabuni akaianika, maana ilinuka jasho. Rangi yote ya buluu ya ule unga ilitoka. Kuna neno hapo? Niambie ukweli.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Pole, na mimi nipe pole. Ndiyo, ni kule kufua. Maji yanavibomoa vile vyumba, linabaki tambara. Hapa maabara hakuna asiyelijua hilo, ndiyo maana hata halikunijia kukuandikia. Naumia, Dada.

Mama asijue kamwe. Mwambie unga ulikuwa mbovu, niliutuma bila kuupima. Nakuja mwisho wa mwezi, angalau nimshike mkono.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Nimemwambia kama ulivyotaka. Alitoa nguo zako kabatini akaziweka nje ya mlango. Anasema hataki kukuona mpaka anaingia kaburini. Nilitaka kumwambia ukweli, nikakumbuka ulivyoniomba.

Usije. Leo amekula, mara ya kwanza tangu msiba.

Dada yako