Jina Moja kwa Picha ya Watu Saba

Mwalimu Shomari,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasita, maana marahaba yako siisikii tena, na hata ungekuwa hai sijui kama ningestahili kuitikiwa. Nakuandikia nikiwa Guangzhou, mtaa wa Dengfeng, kwenye kiofisi changu cha kusafirishia mizigo, juu ya duka la simu. Ni asubuhi. Nimegeuza kibao cha mlangoni kionyeshe nimefunga, wateja wasije wakanikuta nalia.

Umezikwa miezi minne sasa na sikuja. Niliwaambia wenzangu nimekosa tiketi. Tiketi zilikuwepo, na uwanja wa ndege wa Baiyun treni inakufikisha mpaka ndani. Sikuja kwa sababu nisingeweza kukaa msibani nikitazamwa na wale watano tuliokuwa tukichora nao kwako.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza pale barazani kwako, Mtoni? Nilichora ndege, nikampenda. Ukagonga kopo la rangi, ubao ukahamia kwa Zuhura, na Zuhura akampaka ndege wangu kahawia mpaka akageuka ukuta. Nilinuna mpaka chai ikapoa. Ukaniambia, "Kama inakuuma, ndiyo kazi imeanza." Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya duara letu: tunakaa saba, ubao unahama kila ukigonga kopo, na picha ikiisha hakuna anayetia sahihi. Picha ni ya duara. Atakaye kuiga akaribishwe akae, aige, ila asiseme ni yake.

Wasomi wa chuo walikuja kukutembelea na kila mmoja akakutafutia neno. Huyu alisema ni ushirika, yule akasema anakia, watu kuishi bila mtawala, mwingine akasema ni ujamaa uliopotea njia. Ukacheka sana. "Mkiipa jina itapata mwenyekiti," ukawaambia, kisha ukawagawia brashi. Ujanani uliichorea serikali mabango ya wakulima, na soko lilipofunguliwa ukayachorea makampuni matangazo ya sabuni. Ulikuwa ukisema, "Kwanza nikaambiwa mkulima atazame juu. Halafu nikaambiwa mama aitazame sabuni. Hakuna aliyeniuliza wao wenyewe wanatazama nini." Kwako picha haikuwa ya kuwahubiria watu siasa. Ubao ulikuwa mahali pa kuzoea kuishi na mwenzio hata akifuta kile ulichokipenda. Watu wakilizoea hilo, ulisema, hawatamhitaji tajiri awamiliki wala ofisi iwapangie.

Na ni mimi, Mwalimu, niliyekuwa nawaeleza wageni hayo yote kwa ufasaha kukuzidi wewe. Wakiondoka wananisifu. Sijui kama nilikuwa naamini, au nilikuwa napenda tu kusikika.

Nilipokuja huku kufanya biashara nilibeba kwenye simu ile picha ya Kisima tuliyoichora wote saba. Watu wamekizunguka kisima, tunawaona kutoka juu, vilemba, kofia na nywele za kusukwa, hakuna kichwa kikubwa kuliko kingine. Siku moja nilikodi gari nikaenda Shiling, mji wa mikoba, nikamwonyesha laoban mmoja, mwenye kiwanda kidogo. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema atanitengenezea mikoba yenye picha hiyo, ila nikaisajili kwanza, la sivyo kiwanda cha jirani kitaiiga kabla ya wiki kwisha.

Nilikwenda ofisi ya usajili na mkalimani wangu, msichana wa Kichina ambaye sisi Waafrika wa eneo hili la Xiaobei tunamwita Asha. Miaka yote nimejitetea moyoni kwamba fomu ile ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Nilijiambia duniani humu kitu lazima kiwe cha mtu au cha serikali, na kwamba duara lako halina pa kuandikwa. Yalikuwa maneno mazuri, ya kuwavutia wale wageni wa chuo. Lakini ni uongo. Asha alinigeukia akaniuliza, "Dada Mwajuma, mmechora wangapi? Karatasi ya kuongeza majina ipo." Alikuwa ameishika mkononi.

Nikajibu "meiyou". Ndilo neno la wauzaji wa huku, la kumwambia mteja hakuna, apite zake. Wewe, Zuhura na wenzetu wanne niliwapitisha kwa neno hilo moja, nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri chenye mto. Asha akaandika jina langu. Nikatia sahihi.

Mikoba ilikwenda vizuri. Ilifika Kariakoo, na mmoja ukafika hospitali ulikolazwa. Zuhura alinisimulia kwa simu bila kujua anamsimulia nani. Ulimwona mama mmoja wa kitanda cha pili ameupakata, ukamwomba akuonyeshe ndani. Ulitafuta jina. Ulikuta kitambaa kidogo cha kiwanda, basi. Ukaurudisha ukasema, "Afadhali hakuna aliyejiandika." Zuhura anasema siku ile ulikula uji wote. Mwalimu, ulikufa umeridhika na kitu ambacho hakikuwa kweli, na aliyekifanya kisiwe kweli ni mimi.

Baada ya mazishi ndipo wateja wakaanza kuwaambia wenzetu kwamba wao ndio wanaoiga mikoba ya China. Zuhura akaniletea ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, wewe uko hukohuko. Tutafutie huyo Mchina aliyetuibia." Nikamjibu nitafuatilia. Kila wiki aliuliza, na kila wiki nilikuwa na jibu. Mara nimekwenda Shiling sikumpata. Mara watu wa huku wagumu. Nilimsingizia laoban, mzee wa watu, ambaye ndiye aliyenishauri kisheria na kuniletea chai.

Juzi Zuhura amenitumia picha ya ubao mpya. Nimeukuza kwenye simu nikadhani macho yananidanganya. Ubao wameugawa kwa rula vyumba vitano. Kila mmoja amechora chumbani kwake, na pembeni kila mmoja ameandika jina lake lote. Kopo halikugongwa. Zuhura akaniambia kwa unyonge, "Tufanyeje, wezi wamezidi." Kitu ambacho serikali haikukinunua kwako, wala kampuni za sabuni hazikukinunua, mimi nimekivunja nikiwa mbali, nao wanadhani wamejivunjia wenyewe kwa woga.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii inanifuata mpaka sokoni. Wanaponiita bosi nageuka kuangalia kama wanamwita mwingine.

Jana mchana nilikwenda na Asha tena. Nimejaza fomu ya kuliondoa jina langu na kuandika ya wale watano. Nililitaja na lako, Asha akasema sheria haimwandiki marehemu. Nilipoteza muda kubishana naye kama mwendawazimu, msichana wa watu mpaka akanishika mkono. Inachukua muda, wamesema, na haiirudishi mikoba iliyokwisha kwenda.

Leo asubuhi, kabla sijashika kalamu, nimemtumia Zuhura ujumbe wa sauti. Nimemwambia amwache Mchina, kwamba aliyeiba ni mimi, na nimelitaja jina langu mpaka la babu. Nimemwomba awasikilizishe wote kwa pamoja. Naona ameusikiliza. Hajajibu, nami simharakishi.

Nakuaga, Mwalimu wangu. Mungu akulaze pema, na msamaha wangu siuombi kwako kwanza, nitauomba kwa wanaoweza kuninyima. Naahidi kuja mwezi ujao. Nitazuru kaburi lako, kisha nitakwenda barazani na nitasimama nje mpaka niambiwe niingie au niondoke. Wakiniuliza kwa nini, sitawatajia fomu, wala nchi, wala mfumo wa dunia. Nitawaambia niliipenda sana picha ile, nikataka iwe yangu peke yangu.

Mwajuma