Pipa Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Alhamisi, 16 Juni
Asubuhi nimeongeza maji kwenye rejeta ya Babu, ingawa Babu haendi popote. Injini imegoma tangu Pasaka. Miaka ishirini na miwili nimeendesha gari hilo la dizeli, Same kushuka, Same kupanda, na mkono bado unataka kulihudumia. Nakundwa ameniona dirishani akacheka. Mke wangu hana huruma na vyuma.
Jioni redio imetangaza bajeti. Kodi ya dizeli imepanda. Nimezima kabla hawajafika kwenye bia na sigara.

Jumamosi, 18 Juni
Kikao cha kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi. Ajenda moja: gari la kumrithi Babu liwe la dizeli au la petroli. Nimesema dizeli. Mlima huu unataka injini ya kuvuta, na pipa la dizeli tayari liko nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Mbonea, akasema redio tumeisikia wote, dizeli si ile ya zamani. Nikapandisha sauti. Nikasema gari la petroli halitamaliza mwaka huku, na likifa mimi sitalilia.
Maneno ya kipumbavu. Yameandikwa kwenye muhtasari.

Jumatano, 29 Juni
Dar, mimi na Mwalimu. Jasho. Yadi tatu. Dalali anasema huko magari yanakotoka wameweka sheria ya moshi, basi wenye dizeli za zamani wanaziuza kwa wingi. Nikafurahi. Nikauliza ziko wapi. Akacheka. Watu wa migodini na wa watalii wanazigombania bandarini, yadi zinapata makombo. Enzi zile tulisubiri kibali. Siku hizi ni ruksa, tunasubiri wenye pesa washibe.
Dizeli ilikuwepo moja, na bei yake si ya watu kama sisi. Pikapu nyeupe ya petroli tunaiweza. Mwalimu akaitazama, kisha akanitazama. Nikasema sawa. Haikuwa sawa.

Jumapili, 3 Julai
Mchungaji ameliombea gari baada ya ibada. Watoto wamelizunguka. Limepanda mlima vizuri, lazima nikiri. Ila halina sauti. Mara mbili nimefungua boneti kuhakikisha kama linawaka.
Sijalipa jina.

Jumatatu, 11 Julai
Nimeharibu.
Siku ya soko. Alfajiri nimejaza tangi kama nilivyojaza maisha yangu yote: mpira ndani ya pipa, nikavuta kwa mdomo, yakaja, nikatema, nikaelekeza kwenye tangi. Madumu ya petroli yalikuwa hatua mbili pembeni. Hata ulimi haukunishtua. Miaka yote hiyo ladha ya dizeli mdomoni ilikuwa na maana moja tu, safari ipo.
Kona ya tatu gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Nilijua nikiwa bado nimeshika usukani. Mama Sifa, mwenzetu wa kikundi, alikuwa nyuma na magunia sita ya tangawizi mbichi. Tumeshinda juani hadi saa tisa. Wanunuzi wa Same hawakumsubiri.
Mwalimu akaja kwa miguu, akauliza kuna nini. Nikasema petroli ya Same ilikuwa na maji.
Uongo ule ulitoka kabla sijaufikiria.

Jumanne, 12 Julai
Mama Sifa anasema mlango kwa mlango kwamba nimelihujumu gari makusudi. Si nilisema kikaoni halitamaliza mwaka? Si nilisema sitalilia? Anayo haki, ushahidi nilimpa mwenyewe.
Mwalimu amenitetea. Hilo ndilo baya zaidi. Ijumaa anashuka Same kwa mwenye kituo cha mafuta, amshtaki yule baba wa Singida anayetupimia. Alikuja huku kukata mkonge, mgongo ukamshinda, akapata kazi ya pampu. Kila nikifika, shikamoo mzee, na kioo anafuta bila kuombwa.
Watamfukuza kwa ajili ya mdomo wangu.

Jumatano, 13 Julai
Nakundwa amenusa shati nililovaa juzi.
"Linanuka Babu," akasema.
Amelitia kwenye beseni akalifua.

Alhamisi, 14 Julai
Pembe imelia asubuhi. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba jembe moja, kuchimba mtaro wa kona ya tatu. Mahali pale pale.
Sikungoja chai. Nikasimama juu ya kifusi nikasema yote: pipa, mpira, mdomo, uongo. Mama Sifa akasema, "Si niliwaambia?" Nikamjibu kwamba dizeli nilitia, makusudi sikuwa nayo, na sina namna ya kumwonyesha.
Mwalimu hakukasirikia dizeli. Amekasirikia maji. Kesho tu angemshtaki mtu asiye na kosa. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.
Wazee wamenitoza faini ya mtu aliyekacha msaragambo. Makande ya watu wote, na nipike mwenyewe, si Nakundwa.
Nimechimba hadi jioni. Nimeona aibu, na nimelala vizuri.

Jumamosi, 16 Julai
Makande yamezidi chumvi. Wamekula. Mama Sifa sahani mbili, bila kunitazama.
Fundi kutoka Same amemwaga tangi, ameosha kabureta, amesafisha plagi. Gari limewaka. Mwalimu akanirudishia ufunguo. Akasema barabara hii hakuna mwingine anayeijua. Si msamaha huo. Ufunguo nimeupokea.

Jumatatu, 25 Julai
Siku ya soko. Nimejaza kwa dumu. Nimenusa kabla ya kumimina, kisha nikanusa tena. Nakundwa amefunga kipande cha kanga nyekundu kwenye kifuniko cha tangi, mkono nao ujue.
Abiria saba na magunia. Kwenye kijiji cha Kisiwani akapanda mwanamke tusiyemjua, akauliza kwa nini wiki ile gari halikushuka.
Kwa kelele za Babu nisingesikia neno. Hili ni kimya, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Aliyejibu ni Mama Sifa. Hakujua nasikia.
"Dereva wetu alitia dizeli," akasema. "Kwa mazoea tu."
Nikapunguza mwendo ili nisipitwe na litakalofuata. Walikuwa wamehamia kwenye bei ya tangawizi.