Aibu ya Nani Pale Kituoni?

Jumapili, mtaani kwetu Perry Barr, huku ughaibuni. Manyunyu tangu asubuhi, anga limenuna, na mimi nimenuna zaidi yake.

Mdogo wangu Rukia hajaenda kazini wiki nzima. Wakubwa wake kawaambia ana mafua. Ukweli ni kwamba Jumatatu asubuhi, akisubiri basi, mwanamume mmoja alisimama mbele yake, akafungua koti na kumwonyesha uchi wake. Hakumgusa, hakusema neno. Alimkodolea macho usoni tu, akangoja.

Rukia yumo bado kwenye kipindi cha majaribio. Akiendelea kukosa, kazi itakwenda kwa mwingine.

Leo mchana tulikuwa na kikoa chetu, wanawake wa Unguja, kila mmoja na chungu chake. Nikalitoa jambo lile tukiwa tunakunja sambusa. Swali la kwanza: alivaa nini? Alivaa nini! Baibui, jamani, na juu yake koti la baridi hadi kwenye vifundo. Alikuwa kama godoro lililofungwa kamba.

Ndipo yakaanza kutoka. Shangazi alishamwona mtu yule yule. Jirani yake naye. Mwingine alikihama kituo kile, siku hizi anatembea hadi cha mbele. Kila mmoja alirudi kwake, akatia udhu, akanyamaza. Kwetu uchi wa mtu husitiriwa, sawa, lakini huyu kauanika mwenyewe!

Nilipandwa na hasira mpaka sambusa zikaungua.

Nimesoma kuhusu watu wa namna hii. Mara nyingi wanachokitafuta ni uso wako: ule mshtuko, yale macho yanayokimbilia chini. Hapo ndipo mtu hujiona ana nguvu. Wengine hujichukia baadaye, na matibabu yapo. Namwonea huruma kidogo. Kidogo sana. Lakini sisi tumemlinda kwa kunyamaza, kisha tukakuita heshima.

Niliporudi nyumbani nikapiga simu polisi. Mama akanifuata, ananong'ona.

"Mwanangu, yaache hayo. Watu watamsema Rukia."

Nilimjibu kwa ukali, na sikuupenda ukali ule. Nilimwambia Rukia kashajifungia chumbani, hao watu wamwongezee nini tena?

Afisa akauliza kama kuna wengine waliomwona. Nikasema wapo, ila hawatakubali kusema.

Mama akakaa kwenye ngazi. Akanyoosha mkono, anataka simu.

"Na mimi," akasema. "Mwambie na mimi. Nilikuwa natoka sokoni."

Nikampa simu. Miaka yote tunaishi nyumba moja.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama hana Kiingereza cha mambo hayo. Rukia alishuka, akaketi kando yake, akamtafsiria afisa neno kwa neno, bila kushusha sauti.

Kesho ana zamu ya asubuhi. Anakwenda, na Mama anamsindikiza hadi kituoni.